Roketi za Shaba: Mradi wa Wajerumani ng'ambo ya Ufipa uliozimwa na mikataba na siasa

MTU akisimama Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, akachora mstari ulionyooka kuelekea magharibi, mstari huo utauvuka uwanda wa juu wa Ufipa, utateremka katika Ziwa Tanganyika, utapanda milima ya Marungu upande wa Kongo, na baada ya takribani kilomita 340 utafika ukingoni mwa bonde la Mto Luvua. Hapo, mahali palipoitwa Kapani Tonneo, ndipo kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi ilipojenga kituo cha kurushia roketi katika miaka ya 1970. Sumbawanga na kituo hicho vilikuwa karibu katika latitudo moja, nyuzi nane hivi kusini mwa Ikweta.

Kampuni hiyo iliitwa OTRAG. Ilidai kuwa inatengeneza roketi za bei nafuu za kupeleka setilaiti angani. Umoja wa Kisovieti ulidai kuwa inatengeneza makombora. Madai hayo mawili hayakuwahi kupatanishwa, na mwezi Aprili mwaka 1979 Serikali ya Zaire iliiamuru kampuni hiyo isimamishe shughuli zake. Kilichouzima mradi huo si kushindwa kwa wahandisi, ingawa nao walishindwa mara moja mbele ya macho ya Rais Mobutu Sese Seko mwenyewe. Uliuawa na mambo mawili: sheria za kimataifa zisizotenganisha vyema roketi ya setilaiti na kombora la vita, na mkataba wa ardhi ulioandikwa kwa namna ambayo hakuna jirani wa Zaire angeweza kuusoma kwa utulivu.

Mwanzilishi wa OTRAG alikuwa mhandisi Lutz Kayser. Kati ya mwaka 1971 na 1974 utafiti wake ulipata fedha kutoka Wizara ya Utafiti ya Ujerumani Magharibi. Fedha hizo zilikatika baada ya nchi za Ulaya Magharibi kukubaliana mwaka 1973 kuunda kwa pamoja roketi ya Ariane, mradi ambao Ufaransa ndiyo iliyokuwa mbia wake mkubwa. Kayser hakukata tamaa. Mwaka 1974 aliunda kampuni yake mwenyewe na kukusanya mtaji kutoka kwa mamia ya wawekezaji binafsi, ambao wengi wao walivutiwa na kipengele cha sheria ya kodi kilichowaruhusu kupunguza kodi zao kwa kiasi cha hasara ya kampuni.

Roketi yenyewe ilikuwa kitu cha kustaajabisha kwa urahisi wake. Badala ya chombo kimoja kikubwa, Kayser alifunga pamoja mabomba membamba yanayofanana, kila bomba likiwa na kipenyo cha sentimita 27 na injini yake ndogo. Aliyetaka mzigo mkubwa zaidi upande angani aliongeza idadi ya mabomba. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa na asidi, na vali za mafuta zilifunguliwa na mota zilezile zinazoendesha waipa za magari ya Volkswagen. Kwa watu waliozoea kusikia kuwa safari za anga ni kazi ya mataifa makubwa tu, hilo lilikuwa jambo geni. Lakini ndilo lililowatia hofu wakuu wa majeshi: kitu cha bei rahisi, kinachoundwa kwa vipuri vya dukani, kinaweza kuigwa na mtu yeyote.

Ili kuielewa hofu hiyo, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1919. Mkataba wa Versailles, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, ikiwamo Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Ufipa pamoja nayo. Ngome yao ya Bismarckburg, iliyopo Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ikawa gofu la kutazamwa na wapita njia. Mkataba huohuo uliwekea mipaka mizinga mikubwa ya Ujerumani, lakini haukutaja roketi, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyezidhania kuwa silaha ya maana. Jeshi la Ujerumani lilipita katika tundu hilo la sheria, na matokeo yake yalikuwa kombora la V-2, lililoishambulia London na Antwerp mwaka 1944 na 1945.

Baada ya vita vya pili wanasheria waliziba tundu hilo. Kwa makubaliano ya Paris ya Oktoba 1954, Ujerumani Magharibi iliruhusiwa kuwa na jeshi tena na kujiunga na Umoja wa Ulaya Magharibi na NATO, kwa sharti kwamba isitengeneze katika ardhi yake silaha za nyuklia, za kibiolojia wala za kemikali. Orodha ya silaha nyingine zilizozuiwa ilijumuisha makombora ya masafa marefu na makombora ya kuongozwa, na maelezo yake yalizitaja bayana silaha za jamii ya V zilizoundwa wakati wa vita. Kizuizi hicho cha makombora kingeweza kulegezwa, lakini kwa ombi la kamanda mkuu wa NATO barani Ulaya na kwa kura ya theluthi mbili ya Baraza la Umoja wa Ulaya Magharibi.

Maneno yaliyobeba uzito hapo ni “katika ardhi yake”. Sharti lilihusu ardhi ya Ujerumani. Halikusema lolote kuhusu ardhi ya Zaire, wala kuhusu kampuni ya watu binafsi. Waliokuwa wakiishuku OTRAG walisema kuwa hiyo ndiyo sababu hasa ya kwenda kujificha katika misitu ya Shaba. Kampuni ilijibu kuwa ilikwenda huko kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na kwa sababu eneo lenye watu wachache ni salama kwa mabaki yanayoanguka. Majibu hayo ni ya kweli kisayansi. Tatizo ni kwamba hayakuondoa lile swali la kwanza.

Orodha ya watu wa kampuni nayo haikusaidia. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha anga cha Kennedy huko Florida, ambaye kabla ya kuhamia Marekani alikuwa miongoni mwa wahandisi wa majaribio ya V-2. Wernher von Braun, baba wa V-2 na baadaye wa roketi iliyowafikisha Wamarekani mwezini, naye alimshauri Kayser. Kwa mhandisi, hao walikuwa mabingwa wa fani yao. Kwa mwanadiplomasia wa Moscow au wa Paris, hilo lilikuwa jeraha lililotoneshwa.

Mkataba kati ya OTRAG na Zaire ulianza kutumika mwaka 1976. Kampuni ilipewa eneo la takribani kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, mkoa ambao awali uliitwa Katanga. Kwa kulinganisha, Mkoa wa Rukwa wa wakati huo, ukiwa bado pamoja na Mpanda kabla ya kuzaliwa kwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, ulikuwa na kilomita za mraba zipatazo 75,000. Muda wa ukodishaji ulikuwa hadi mwaka 2000.

Nakala ya mkataba huo ilipovuja na kuchapishwa magazetini mwaka 1977, ndipo mambo yalipochafuka. Ilionekana kuwa kampuni ilipewa haki ya kulitumia eneo hilo lote bila kizuizi kwa shughuli zake, kwamba wafanyakazi wake walipewa kinga dhidi ya sheria za nchi, na kwamba Zaire iliahidi kuwaondoa wakazi pale kampuni itakapoomba hivyo. Wasomi wengi wa Afrika waliulinganisha mkataba huo na zile karatasi ambazo machifu walitia alama ya dole gumba katika karne ya 19. Ulinganisho huo ulikuwa mkali, lakini haukuwa wa kuonea. Dola inapokabidhi kinga ya kisheria na uwezo wa kuhamisha raia mikononi mwa kampuni, inakuwa imekabidhi zaidi ya ardhi.

Upande wa mashariki wa ziwa, hali ya kisiasa ilikuwa tayari na moto wake. Ziwa Tanganyika katika eneo hili halina upana mkubwa; wavuvi na wafanyabiashara wa Kirando, Kipili na Kabwe wamekuwa wakivuka kwenda Moba na Kalemie tangu enzi za mababu, kwa mashua na dagaa, kwa ndoa na misiba. Waasi nao walivuka. Mwezi Mei mwaka 1975 wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent Kabila, kilichokuwa na ngome yake katika milima ya Fizi, waliwateka wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti wa sokwe huko Gombe, Kigoma. Kabila mwenyewe aliishi Tanzania kwa vipindi virefu. Uhusiano wa Dodoma na Kinshasa, au tuseme wa Dar es Salaam na Kinshasa kama ulivyojulikana wakati huo, haukuwa wa ndugu. Mobutu alikuwa rafiki wa Idi Amin, na mwaka 1973 wawili hao walikuwa wamebadilisha majina ya maziwa mawili ya mpakani ili yaitwe kwa majina yao.

Juu ya hayo, Tanzania ilikuwa kiungo cha nchi za mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Madai ya Moscow, yaliyorudiwa na vyombo vyake vya habari tangu mwaka 1977, yalikuwa kwamba roketi za Shaba zilikuwa kivuli cha makombora ya Ujerumani Magharibi na hata ya makaburu. Ushahidi wa kuwa OTRAG iliunda silaha katika Shaba haukutolewa. Lakini kwa nchi iliyokuwa ikihifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, kituo cha kurushia roketi umbali wa kilomita 340 kutoka Sumbawanga, katika eneo ambalo hata polisi wa Zaire hawakuwa na mamlaka kamili, hakikuwa jambo la kupuuzwa kwa kusubiri ushahidi.

Kuna jambo jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa katika mabishano ya wakati ule, nalo liliihusu Ufipa moja kwa moja. Roketi ya setilaiti kwa kawaida hurushwa kuelekea mashariki, ili ifaidike na mwendo wa dunia. Kutoka Kapani Tonneo, mashariki maana yake ni ziwa, kisha Ufipa, kisha bonde la Rukwa na sehemu nyingine ya Tanzania mpaka Bahari ya Hindi. Majaribio yaliyofanyika yalikuwa madogo na hayakuvuka mpaka. Lakini endapo mradi ungefikia lengo lake, njia ya roketi ingepita juu ya vichwa vya wakulima wa mahindi na ulezi wa Sumbawanga. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 kuhusu anga za juu unaziwajibisha dola kwa shughuli za kampuni zao binafsi angani, na ule wa mwaka 1972 unaibebesha nchi inayorusha fidia ya madhara yanayotokea ardhini. Ni nani angekuwa nchi inayorusha: Zaire yenye ardhi, au Ujerumani Magharibi yenye kampuni? Kwa mujibu wa tafsiri ya mikataba hiyo, pengine zote mbili. Mkulima wa Ufipa hakuwa na upande katika karatasi yoyote iliyosainiwa.

Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Ilikuwa ya mabomba manne tu, na ilipaa vizuri. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, nayo ikafanikiwa. Tarehe hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Siku moja kabla yake, askari wa Ufaransa walikuwa wameruka kwa miavuli katika mji wa Kolwezi, kusini mwa mkoa huohuo wa Shaba, kuwaokoa Wazungu na kuwafukuza waasi waliotokea Angola. Mkoa mmoja ukawa na vita ya kimataifa upande wa kusini na majaribio ya roketi upande wa kaskazini. Ni vigumu kufikiria mazingira mabaya zaidi ya kuishawishi dunia kuwa kazi inayofanyika ni ya amani.

Jaribio la tatu lilifanyika tarehe 5 Juni 1978, Mobutu akiwa amealikwa kushuhudia. Roketi ilinyanyuka, ikayumba, ikaangukia bondeni. Picha za filamu za siku hiyo zimehifadhiwa na zimetazamwa na wengi tangu hapo.

Shinikizo lilitoka pande zisizokuwa na mapenzi baina yao. Umoja wa Kisovieti uliibana Bonn kuhusu jambo hilo katika kipindi ambacho Kansela Helmut Schmidt alihitaji uhusiano mwema na Moscow. Ufaransa, iliyokuwa mlinzi wa Mobutu baada ya Kolwezi, haikutaka Wajerumani waunde roketi za masafa marefu nje ya mradi wa pamoja wa Ariane. Serikali ya Bonn ilieleza mara kwa mara kuwa OTRAG ni kampuni binafsi isiyotumwa na dola. Jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, na kisiasa halikumridhisha mtu. Hatimaye Mobutu, aliyekuwa akiwahitaji Wafaransa kuliko alivyozihitaji roketi, aliufuta mradi mwezi Aprili 1979. Roketi ya kwanza ya Ariane iliruka tarehe 24 Desemba mwaka huohuo.

Aprili hiyohiyo, macho ya Watanzania yalikuwa kwingine kabisa. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Roketi zilizozungumzwa vijiweni zilikuwa zile za BM-21 zilizotoka Urusi, ambazo wananchi walizibatiza jina la “Saba Saba”. Habari ya kufungwa kwa kituo cha Luvua ilipita kimya.

OTRAG ilihamia Libya, jambo lililowapa nguvu wote waliokuwa wakiishuku. Huko, karibu na Sebha, ilirusha roketi tarehe 1 Machi 1981. Kwa Tanzania, ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa imepigana na askari wa Libya waliomsaidia Amin, hiyo haikuwa ishara njema. Bonn nayo safari hii haikutosheka na kusema kuwa kampuni ni ya binafsi, iliishinikiza iondoke. Wakati huohuo mlango wa fedha ulikuwa umeanza kufungwa nyumbani: mwaka 1980 Bunge la Ujerumani Magharibi liliibadilisha sheria ya kodi ya mapato na kuweka ukomo wa hasara ambazo wawekezaji wa aina ile wangeweza kuzitumia kupunguza kodi. Wanahistoria wa roketi huandika zaidi kuhusu Brezhnev na Mobutu. Huenda kifungu hicho kikavu cha sheria ya kodi nacho kilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Wanaodai kuwa Afrika haikuruhusiwa kamwe kuwa na kituo cha roketi hujibiwa na mfano wa Kenya. Katika ghuba ya Ngomeni, karibu na Malindi, Italia iliendesha jukwaa la San Marco, na tarehe 26 Aprili 1967 ilirusha kutoka hapo setilaiti iliyozunguka dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kisayansi iliyopewa jina la Uhuru. Urushaji uliendelea hadi mwaka 1988. Tofauti na Shaba iko wazi. Ngomeni palikuwa na makubaliano ya dola kwa dola, roketi zilikuwa za Kimarekani aina ya Scout zilizojulikana uwezo wake, na upande wa mashariki kulikuwa na bahari, si vijiji vya nchi nyingine. Malalamiko yaliyojitokeza Kenya yalihusu zaidi mgawanyo wa faida, na hayo ni malalamiko ya watu wanaoendelea kufanya biashara.

Sheria za baada ya OTRAG zimekuwa ngumu zaidi. Mwaka 1987 nchi saba zenye viwanda vikubwa ziliunda utaratibu wa kudhibiti teknolojia ya makombora, unaojulikana kwa kifupi chake cha MTCR. Kipimo chake kikuu ni chombo kinachoweza kubeba kilo 500 hadi umbali wa kilomita 300. Kipimo hicho hakiulizi nia. Roketi ya setilaiti yenye uwezo huo huhesabiwa sawasawa na kombora, kwa kuwa mota, matangi na vifaa vya kuiongoza ni vilevile. Afrika Kusini, nchi iliyofika mbali kuliko nyingine kusini mwa Sahara katika kuunda makombora yake yenyewe, iliachana na mpango huo na kujiunga na MTCR mwaka 1995. Tanzania haina kiwanda cha makombora. Shirika la Mzinga la Morogoro hutengeneza risasi, na utengenezaji wa silaha ndogo bila leseni, ukiwamo ule wa magobole ya vijijini, ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015.

Upande wa Kongo, Shaba ilirudishiwa jina la Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 sehemu yake ya kaskazini ikawa Jimbo la Tanganyika. Kayser alifariki dunia mwaka 2017. Kampuni yake ilirusha roketi yake ya mwisho tarehe 19 Septemba 1983 kutoka Kiruna, kaskazini mwa Sweden, ikiwa chini ya uongozi mwingine, na haikuwahi kufikisha setilaiti hata moja angani. Mwaka uliofuata, 1984, Baraza la Umoja wa Ulaya Magharibi liliiondolea Ujerumani Magharibi vizuizi vya silaha za kawaida vilivyobaki tangu mwaka 1954, kikiwamo kile cha makombora ya masafa marefu.